Mahindi ya Pili

Wajukuu wangu wananiuliza ni wapi kuzuri, Kasai ama Kolwezi. Swali hilo limenichosha. Wao wamezaliwa hapa. Kasai wanaijua kwa matusi wanayotutukana watu wa huku tu. Mimi nilifika darasa la pili kwa mapadri, basi. Lakini jibu ninalo, na sikulipata kitabuni. Nililipata kwa mama yangu, wakati Wabelgiji walikuwa bado hapa na mi nilikuwa kijana wa mgodi, ninakaa kampini, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni, na mke na watoto wangu, nyumba ya matofali.

Baba alipokufa, mama alibaki peke yake kule kijijini, Kasai. Mtoto wake aliyebaki hai ni mimi tu. Nikamwomba chef, mkubwa wa kampi, ruhusa, akakubali, nikamleta. Nilitaka akae kwangu mpaka mwisho wake. Sikutaka afe kule, nami nipate habari wakati majani yameshaota juu ya kaburi.

Alifika wakati wa mvua. Treni ilimleta siku na siku, ikamshusha Tenke, njia panda ya reli, akapanda nyingine mpaka Kolwezi. Aliposhuka hakunisalimu hata. "Tata, juu hivi munatafuta nini?" Aliniita tata, yaani baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

Kwetu ukisimama mlangoni unaona michikichi. Hapa aliona kilima bila mti hata mmoja, nyasi tu, kwa kuwa shaba iliyo chini haipendani na miti. Na watu? Kwetu walikuwa wachache, nyumba mbali na nyumba, lakini wa kila umri. Kampini tulibanana kama punje kwenye gunzi, na wote ni vijana na watoto. Kampuni ilitaka mikono yenye nguvu, si mvi.

"Wazee wenu mumebaficha wapi?" akauliza mama. Watoto wa mstari wetu wa nyumba walikuja kumshangaa, maana nkambo, bibi wa kweli, walikuwa hawajamwona. Waliomba kugusa nywele zake nyeupe.

Kampuni ilitoa posho ya unga kwa mfanyakazi, mkewe na watoto wake. Mama wa mfanyakazi hakuwemo. Mama akasema hatakula unga wa watoto, akachukua jembe. Ilikuwa mwezi wa pili, mahindi ya mke wangu yanakaribia kukomaa, na mama anapanda mengine pembeni. Kasai watu wanapanda mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili wanavuna.

Jirani yetu, mwanamke mzaliwa wa huku, akamcheka. "Mama, hapa mvula ni moja. Hayo unapandia panya?"

"Mvula ya Mungu haihesabiwe."

"Ya Kasai, pengine. Ya hapa inaendaka kongé, inapumzika sawa bazungu."

Mama hakucheka. Jioni aliniambia: "Mahindi haya yakizaa, nitakaa. Yasipozaa, utanipandisha treni. Siwezi kukaa pahali sijui mwaka unaanzia wapi."

Yakaota vizuri, nikafurahi. Mwezi wa nne, yakiwa yanatoa maua, mvua ikakatika kama mtu amefunga bomba. Basi nikaanza kubeba maji kwa ndoo, toka bomba la kampi mpaka shambani, kila nikitoka kazini, mabega yameshakufa kwa chepe.

"Muangalie mwanaume ya Kasai, anaogesha mahindi!"

"Tata, usisahau sabuni!"

Niliwaacha majirani waseme. Mama aliniona, akageukia jembe lake.

Halafu baridi. Kiangazi cha kwetu ni kifupi, na jua lake ni jua. Hapa mwezi wa sita pumzi inatoka kinywani kama moshi. Mama alilala ndani ya koti langu la kazi, na asubuhi alikuwa bado anatetemeka. Shambani majani yalikauka, lakini mahindi yalikuwepo, machache, mafupi, yenye mapengo kama mdomo wa mzee. Nikamletea kwa fahari.

"Mama, yamezaa."

Akachoma moja, akalitafuna polepole. "Haya umeyazaa wewe, tata. Mvua ya hapa haiyajui."

"Lakini ulisema yakizaa utakaa."

"Nilisema. Na mwaka ujao utanibebea mvua tena kwa ndoo? Angalia mabega yako." Akaweka gunzi chini. "Na nikifa hapa, nani atanililia? Watoto hawa? Hakuna hapa aliyenijua nikiwa msichana."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ya hasira, naye akawa anafunga mzigo wake. Mahindi yaliyobaki aliwagawia watoto wa mstari, kila mmoja punje zake, wakala wakilia.

Nilimsindikiza mpaka Tenke. Tulisubiri treni ya Kasai kwenye upepo, yeye ndani ya koti langu, mimi mikono kwapani. Ilipofika, alivua koti akanirudishia.

"Vaa. Kule halina kazi."

Alikufa kule. Habari ilinifikia kama nilivyoogopa, majani yameshaota. Waliokuja nayo walinikuta mgodini, zamu ya asubuhi. Nikawashukuru, nikachukua chepe, nikamaliza zamu.