Kibwana Anasoma

Serikali ilipoacha kuleta hata chaki, watu wenye akili zao walimshauri Mwalimu Editha afunge darasa la kisomo. Yeye, mstaafu asiyejua kukaa bure, akaendelea kufundisha watu wazima barazani kwake Mji Mpya, bila malipo. Mkaidi kweli yule mama.

Kibwana, Mluguru wa Matombo, ndiye aliyekuwa nyota wa darasa. Alikuwa fundi mashine kiwandani tangu ujana. Sasa kiwanda kimeuzwa, na mwekezaji ametangaza kwamba Jumatatu kila mfanyakazi ataitwa ofisini asome kwa sauti. Asiyeweza, kazi hana. Kibwana hakuwa na wasiwasi. Kitabu cha kisomo alikisoma mpaka mwisho bila kukwama.

Jumamosi Editha akaandika ubaoni maneno yaleyale ya kitabu, ila kwa mpangilio mwingine. Kibwana akakodoa macho, akashindwa kusoma hata neno moja. Siku zote darasa lilisoma kwa pamoja, mwalimu anatangulia, wao wanaitikia kama watu wa ngoma, na Kibwana alikuwa amekishika kitabu kizima kichwani, hadi mahali pa kufunua ukurasa. Hakuwa akidanganya. Aliamini huko ndiko kusoma.

"Sasa mwalimu, hizi herufi zina kazi gani?" aliuliza.

Editha nusura alie. Ndivyo naye alivyofundishwa kufundisha, sasa amlaumu nani? Jumapili hata kanisani hakwenda. Walishinda barazani wakianza na a, e, i, o, u, halafu silabi moja moja. Jioni Kibwana aliunganisha "ma" na "ma", akashtuka.

"Mama! Kumbe yumo humu!"

Alicheka mwenyewe kwa furaha. Editha alimtazama kwa uchungu, maana mtu huyu alihitaji mwaka mzima na hakuwa nao.

"Kesho nikariri kipi, mwalimu?"

"Hakuna cha kukariri, Kibwana. Soma unachokiona."

Jumatatu Editha alimngoja nje ya geti la kiwanda. Kibwana alitoka amevaa shati lake la Idi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Nimesoma! Wamenipa karatasi, nami nikasoma kweli, polepole. Nikafika 'ma-shi', yule kijana wa ofisini akatazama saa, akasema inatosha mzee, nenda nyumbani. Ningemaliza, mwalimu. 'Ne' nilikuwa nimeshaiona."