Chupa ya Mvua ya Gredi ya Nne

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni sababu ya kuficha. Nikiambiwa maziwa ni ya leo, nayanusa kwanza. Wenzangu hudhani ni ualimu ulionifanya hivi, lakini hawakunijua nikiwa mdogo kule Kathonzweni, nilipokuwa nahesabu vifaranga jioni hata siku ambazo mwewe hakuonekana. Kwa hiyo asubuhi ile ya juma la mwisho la muhula wa tatu, darasa langu lilipopiga kelele kwamba imenyesha, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama viatu vyangu. Vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

Nafundisha gredi ya nne katika shule ya msingi upande wa Ikutha. Siku za mwisho kabla ya likizo ndefu ni siku za kuwashikilia watoto wasipasue paa. Mitihani imekwisha, vitabu vimerudi stoo, na mtaala mpya unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Basi tukatenda. Tulisugua madawati kwa mchanga, tukashona soksi ya kuonyesha upepo unakoelekea kwa gunia kuukuu, kisha tukatengeneza kipimamvua. Tulichukua chupa ya soda ya plastiki, tukaikata shingo na kuipachika kichwa chini iwe faneli, tukachora mistari ubavuni na kuifukia nusu nyuma ya darasa, mbali na paa.

Kazi ya kuisoma kila asubuhi nilimpa msichana wa dawati la dirishani. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye kusikia maagizo mara moja tu. Aliishi na susu wake, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na nyumbani walikuwa wawili tu.

"Mwalimu, chupa ni kavu," angetangaza.

"Kavu!" darasa lingeitikia, na mmoja angekwenda kuchora jua kwenye bango.

Sikufikiri kwamba mtu mzima angejali chupa yetu. Lakini mashamba yalikuwa yamefyekwa yakingoja, na watu wanaongoja mvua husikiliza chochote. Watoto walipeleka habari nyumbani, na baada ya siku chache mzee mmoja mwenye maksai wa kukodisha kwa kulima alikuwa akisimama uani kila asubuhi.

"Mwalimu, chupa inasemaje leo?"

"Inasema uangalie mawingu."

"Mawingu inadanganya. Hiyo chupa ni ya serikali."

Nikaanza kumshuku hapo hapo. Mtu mwenye maksai anapata kazi watu wakiamini mvua imefika.

Sasa rudi kwenye ile asubuhi ya viatu vyeupe. Msichana wa dirishani alikuja mbio, akasimama mlangoni akihema. "Mwalimu, chupa iko na maji!" Darasa zima likamwagika nje kabla sijasema neno. Kweli, maji yalikuwapo, yamefika mstari wa pili. Watoto waliruka, wengine wakainua mikono kama wako kanisani. Dalili ya mvua ni mawingu, nami jana yake sikuona hata wingu la kufunika kuku. Niligusa udongo kando ya chupa. Mkavu, na wa moto.

Ila nani angenisikiliza? Huku kwetu mvua hubagua. Hunyesha kwa jirani ikaliruka boma lako, ikaenda kunyesha mlimani kwa wasiolima. Ndiyo maana mtu akiambiwa imenyesha shuleni, habishi, hujiambia tu kwamba kesho itafika kwake. Saa ya chakula mzee wa maksai alikuwa ameshaanza kunoa jembe lake la plau. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," mwenzangu wa gredi ya sita aliniambia akicheka. Sikucheka. Kesho yake chupa ilikuwa na maji tena, na vumbi lilikuwa pale pale.

Niliwachunguza wote. Wavulana wa dawati la nyuma walikuja shuleni na maji kwenye vibuyu vya plastiki, na nyuso zao zilikuwa safi mno kwa watu wasio na hatia. Mzee wa maksai alipita uani akipiga mluzi. Hata msichana wa dirishani nilimtazama, maana ndiye aliyefika wa kwanza kila siku, lakini nilimtazama kwa upande tu, kama mtu anayetimiza wajibu.

Kisha nikaamua kufundisha. Nilileta jiko la makaa na vifuniko viwili vya bati. Kwenye kimoja nikatia maji kidogo yaliyosalia katika tangi la walimu, ambayo ni ya mvua ya zamani. Kwenye kingine nikatia ya chupa. Tulisimama kuzunguka jiko tukatazama maji yakitoa mvuke hadi yakaisha. Kifuniko cha kwanza kilibaki kama kilivyokuwa. Cha pili kilibaki na ukoko mweupe.

Nilimwita mvulana mmoja aguse kwa kidole aonje. Alikunja uso.

"Chumvi! Mwalimu, hii ni maji ya kisima!"

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Kisima chetu cha pampu kina chumvi ya kuharibu chai, na kila mtoto pale amekinywea tangu azaliwe. Mvua haina chumvi. Walilielewa somo kuliko somo lolote nililowahi kuwapa kwa chaki.

"Ni nani?" nikauliza.

"Mwalimu, haki ya Mungu si mimi," wavulana wa nyuma wakaapa kabla sijawatazama, jambo lililozidi kunitia shaka. Msichana wa dirishani aliendelea kutazama kile kifuniko.

"Sawa," nikasema. "Lakini leo kila mmoja awaambie watu wa nyumbani kwamba mvua haijanyesha. Mtu asidanganyike." Nilijisikia vizuri sana jioni ile. Mzee wa maksai alipouliza chupa inasemaje, nilimwambia inasema kuna mwongo kijijini, nikamkazia macho. Akashangaa tu na kwenda zake.

Siku ya kufunga tunapika isyo, mahindi na aina mbalimbali za kunde zikichemka katika sufuria moja kubwa, na kila mtoto huleta ngumi moja, yaani mkono uliojaa, ya chochote kilichoko kwao. Mimi husimama penye beseni nikikagua, kwa sababu mtoto akipitia dukani, ngumi ya maharagwe huweza kugeuka peremende. Walipita mmoja mmoja. Mahindi. Kunde. Mbaazi. Mahindi tena. Msichana wa dirishani akaufungua mkono wake juu ya beseni, nami nikaudaka kabla haujamwaga.

Zilikuwa ndengu, na zilikuwa za kijivu. Zilikuwa na jivu.

Mtu aliyelelewa huku hahitaji kuelezwa. Ndengu za kula hazihifadhiwi kwenye jivu. Jivu ni la mbegu, lizuie wadudu mpaka siku ya kupanda. Mtu akianza kuitia mbegu kwenye sufuria, basi nyumbani kwake hakuna kingine.

Nilimtoa nje, tukasimama karibu na ile chupa. Ilikuwa kavu.

"Ni wewe ulitia maji."

Akainamisha kichwa. "Ni mimi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Susu alisema shule ikifungwa na mvua haijakuja, atapika mbegu. Nikaona akisikia imenyesha upande wa shule, atangoja."

"Na akangoja?"

"Akangoja. Alisema tuvumilie uji. Lakini juzi nikamwambia ile ya chumvi. Jana akafungua mtungi wa mbegu akapika kidogo."

"Sasa kwa nini ulimwambia?"

Aliniangalia kana kwamba swali langu halina maana. "Si ulisema tuwaambie?"

Sijutii lile somo, lilikuwa somo zuri, na uongo ule ungemfanya mtu mwingine apande vumbini bure. Lakini nilikuwa nimemsaka mkosaji kwa juma zima, na sasa nilikuwa nimemshika mkono, mkono wenyewe mdogo umejaa jivu, nami sikumtaka. Iliniuma. Nilizifunga zile ndengu kwenye leso yangu, nikamwambia aende akasaidie kuleta kuni.

"Mwalimu, ngumi yangu si umeichukua?" akauliza. "Nitakula?"

"Utakula."

Wazazi walifika mchana. Ngumi zilikuwa nyingi kuliko sufuria, na nusu beseni ilibaki mbichi. Kwa kawaida mabaki hayo huishia mahali ninapopajua, kwa walimu. Safari hii niliyamimina kwenye mfuko mbele ya wenzangu, na kwa mara ya kwanza ni mimi niliyetazamwa kwa jicho la shaka.

Susu wake alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, aliyefunga kilemba barabara. Alipewa sahani akaigeuzageuza kwa kijiko bila kula. Kisha akanijia.

"Mwalimu, naona mahindi, naona kunde, naona mbaazi. Ndengu sioni hata moja. Ngumi ya huyu mtoto ilienda wapi?"

"Haikuingia, mwaitu." Mwaitu ni mama, na ndivyo ninavyomwita mwanamke wa rika la mama yangu.

"Iko na makosa gani?"

"Iko na jivu."

Akanikazia uso. "Jivu si uchafu."

"Najua. Mimi nimezaliwa Kathonzweni."

Nikamkabidhi leso, kisha mfuko.

"Na hii?"

"Ni ya kubadilishana. Darasa langu linataka ndengu mpya mwezi wa kwanza. Hizi za leso, na zilizobaki kwa mtungi, uzipande. Tukifungua, mtoto aniletee ngumi moja."

"Mwaka kama huu watu hawapeani mahindi. Unataka nini kwangu?"

"Ndengu."

Alinichunguza kwa muda mrefu. Nilimheshimu kwa hilo, maana ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

"Na mvua isipokuja?"

Mimi, ambaye siamini hata maziwa, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Itakuja."

"Hiyo ni wewe unasema, ama ni chupa?"

"Ni mimi."

"Chupa ilidanganya," akasema. "Wewe sijui bado."

Lakini mfuko aliuchukua, akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka.

Mvua ilinikuta nikiwa likizoni Kathonzweni, sokoni, wingu likapasuka ghafla hadi wachuuzi wakakimbia na vikapu vyao vya nyanya. Watu walicheka wakilowa. Mimi nilijibanza chini ya kibaraza cha duka nikiwaza kwamba mvua hubagua, na imenyesha huku, huko je? Ningeweza kumpigia simu mzee wa maksai. Sikumpigia. Angeniambia imenyesha, nami ningeamini vipi? Krismasi ilipita hivyo, nikila nyama nikifikiria mtungi wa mtu mwingine.

Tulipofungua shule, darasa langu lilikuwa limepanda kwenda gredi ya tano, chumba cha pili. Nilikuwa nafuta ubao wakati msichana wa dirishani alipoingia bila kubisha, akaja mpaka mezani, akaunyosha mkono na kuufungua juu ya kitabu changu. Ndengu.

"Susu amesema hii ni yako."

Nilijua yanipasayo kusema. Badala yake niliinama nikazipuliza kwa nguvu, kuona kama jivu litaruka.

Mtoto akacheka. "Mwalimu, si zile!"

Nikapuliza tena. Hakuna kilichoruka.