Tingatinga Kwenye Bung'eda

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa binamu yangu kule Endagikot, na kabla sijafika ofisi za wilaya pale Katesh kisigino kimoja kilikuwa kimeng'oka. Bwana Maendeleo wa Wilaya, ambaye ndiye alikuwa mkuu wetu, aliniangalia miguu kwanza.

"Binti, unajua kukamua?"

Nikamwambia mimi ni Mwiraqw, nimelala zizini na ndama tangu utoto.

"Kukandika nyumba? Kupukuchua mahindi?"

"Najua, mzee."

"Basi ya chuoni yaweke pembeni. Ukifika kwa mtu, shika kazi uliyoikuta. Maneno yatakuja yenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bibi Maendeleo. Tulifundisha uji wa lishe, tulihimiza kliniki, tuliendesha kisomo, yaani madarasa ya watu wazima, lakini yote hayo yalianzia kwenye kushika kazi ya mwenye nyumba. Siku hizi naona mabinti wanashuka kwenye gari, wanagawa soda, wanapiga picha, wanaondoka. Siwalaumu. Nawacheka tu kidogo.

Nilianzia Gendabi, mahali ambapo mkulima na mfugaji ni majirani wa kuombana chumvi. Baadaye nikapelekwa upande wa Dirma, kwa Wabarabaig wafugaji. Huko lugha yao nilijifunza kwa kuchekwa. Aliyenicheka kuliko wote alikuwa Mama Udamaya, mke wa mzee mmoja aliyeheshimika sana uwandani. Nilikamua naye miezi mingi kabla hajaniuliza nimetumwa na nani.

Mzee yule akafariki, na wazee wa ukoo wakakubaliana ajengewe bung'eda. Hilo ni kaburi la heshima, kilima cha udongo, na hapewi kila mtu. Linajengwa kwa mikono ya ukoo wenyewe, tabaka juu ya tabaka, miezi mingi. Kila tabaka ndugu wanakusanyika kutoka mbali, wanakunywa pombe ya asali, wanaimba, wanapandisha udongo. Siku kilima kinapokamilika ndipo msiba unapokwisha na mjane anatoka kwenye maombolezo. Kabla ya hapo, mume hajazikwa bado.

Kilima kilikuwa kimefika kiunoni ulipoingia mwaka wa vijiji.

Nyinyi mmeusoma shuleni kwa mistari michache. Sisi tuliuishi. Redio ilihimiza vijiji kutwa nzima, kwaya za watoto zilifundishwa nyimbo za kuhama, na ukikutana na ofisa njiani alikuuliza watu wako wamehama wangapi kabla ya kukujulia hali. Watu waliokaa mbali mbali kwa ajili ya malisho walitakiwa wakae kwenye mistari iliyonyooka, karibu na barabara. Sisemi hapakuwa na nia njema. Shule nilizitaka, maji niliyataka, na majukwaani nilipiga makofi kwa moyo wote.

Nikatumwa kwa Mama Udamaya. Nilimkuta anasugua kibuyu cha maziwa, nikachukua cha pili nikasugua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunitoa?"

"Nimetumwa, mama."

"Mimi sikatai serikali," akasema. "Kilima kikiisha nakuja mwenyewe, hata kwa miguu. Waambie wasubiri mvua ipite."

Nikajipa moyo, nikaenda kwa Mkuu wa Operesheni, mgeni aliyeletwa kusimamia uhamaji upande wetu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chai, akauliza kilima kimebaki kiasi gani. Nikamweleza, tena nikamweleza na shida nyingine: ndugu walishatawanywa kwenye vijiji tofauti, na kutoka kijijini kulihitaji ruhusa. Nikaomba wapewe ruhusa ya kukusanyika.

Akatabasamu. "Kumbe shida ni udongo? Usijali, dada. Tutawasaidia."

Nilitoka pale nimefurahi kama mjinga.

Asubuhi ya kuhama, mbele ya malori lilitangulia tingatinga la kuchonga barabara. Mama Udamaya na mwanawe Gidamis walikuwa wameanza kufungasha, nadhani walidhani linapita tu. Likakata kona. Likasukuma udongo wa uwandani, pamoja na nyasi, mizizi na samadi ya zizi, likaumwaga juu ya kilima cha mzee, likarudi nyuma, likasukuma tena. Dereva alikuwa fundi kweli. Kabla jua halijawa kali kaburi lilikuwa refu kuliko nyumba.

Mkuu wa Operesheni akapangusa jasho. "Haya mama, tumekumalizia. Sasa panda gari."

Mama Udamaya hakupiga yowe. Aliukamata mkono wangu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Nani wa ukoo wetu alikuwa ndani ya lile dude?" Gidamis alisema kwa Kiswahili chake cha shida, "Mkubwa, hii umeharibu. Hatuwezi kutoa, hatuwezi kuongeza." Mkuu alinigeukia nimtafsirie, ilhali maneno yalikuwa yamesemwa kwa lugha yake mwenyewe.

Walipanda lori.

Kile kijiji hakikudumu. Maji yalikuwa haba, ng'ombe walikonda, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, na ofisini tukaacha kukitaja. Mkuu alihamishwa, Bwana Maendeleo akastaafu, mimi nikapelekwa Mbulu, nikafanya kazi nyingine nyingi, nyingine nzuri, nikaagwa kwa keki na kitenge. Katika hotuba walinisifu kwa kuleta maendeleo. Niliona aibu, nikashukuru.

Nilipostaafu nilikwenda kumsalimia Gidamis, maana sasa sote ni wazee. Kilima kipo, kimeota majani. Vijana wa pikipiki husimama hapo kupiga picha kwa simu, wakisema hili lazima lilikuwa la mtu mkubwa kuliko wote, kwa jinsi lilivyo kubwa.

Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kutolewa msibani.

"Nani angemtoa?" akajibu. "Alikaa nao mpaka uzeeni. Siku anakufa alikuwa bado anatuuliza, baba yenu mtamzika lini?"