Bango la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mlezi wa klabu ya mazingira shuleni kwake. Huu mwaka wa kumi na moja anawafundisha watoto habari za bahari, na sijawahi kumwona amelowa hata kidole cha mguu. Ufukweni huja na viatu vya ngozi na soksi ndefu. Mdomo tu ndio anaojua kuutumia, na huo hauchoki.

Mimi ni mlinzi wa viota vya kasa. Kasa akishataga, nakizungushia kiota vijiti vinne vyenye utepe mwekundu, halafu nahesabu siku. Msimu huu nilipata kiota kimoja. Kimoja tu. Siku shemeji alipoleta wanafunzi arobaini, ilikuwa imebaki wiki moja vifaranga watoke.

Nilikuwa nimesafisha ufuo tangu asubuhi, takataka zote nimezifunga kwenye magunia matatu. Badala ya kunishukuru, akanivuta pembeni.

"Shemeji, sasa hawa watoto wataokota nini? Mwaga gunia moja basi, tupige picha."

"Mwaga mwenyewe," nikamwambia.

Akamwaga. Mtu mzima, ana mke, ana shahada, anatembea akitupa chupa mchangani ili watoto wafundishwe kuziokota. Sijui haya aliiacha wapi. Kaa mmoja akampitia juu ya kiatu, naye akatimua mbio na gunia lake mpaka nyuma ya basi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, sikatai. Nikawachukua wakaone ndege kule kwenye matope, nikimwacha yeye na bango lake, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu kama yule haachwi peke yake.

Tuliporudi, bango lilikuwa limesimama juu ya nguzo mbili za mbao, herufi za kijani: TULINDE KASA WETU. Vijiti vyangu kavirundika kando.

"Vilikuwa vinaharibu picha," akasema. "Halafu pale mchanga ni laini, nguzo imezama bila shida."

Nilipiga magoti nikaanza kufukua kwa mikono, na kwenye ncha ya nguzo nikakuta mayai yamepasuka. Ndani yake walikuwamo vifaranga waliokwisha kuumbika, mpaka kucha. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Shemeji akaangalia saa. "Tupige picha kwanza," akasema, "basi linatungoja."

Wakapiga. Wiki iliyofuata, katika mayai mia na kitu, walitoka vifaranga tisa.

Picha sasa imetundikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nimo, nimeinama chini ya bango, na chini yake wameandika: Mlinzi akiwaonyesha wanafunzi kiota. Kwa picha hiyo shemeji kateuliwa kutufundisha sisi walinzi wote namna ya kutunza viota, Jumatatu saa tatu. Mdogo wangu ndiye aliyeniletea barua.

"Nenda, dada," akanibembeleza. "Ila usije ukamwaibisha mbele za watu."

Nitakwenda. Nitakaa kiti cha mbele kabisa, na ile nguzo nitaiweka mezani kwake. Sijaiosha.