Tangawizi Inayopumua

Mwaka ule waasi waliposhika mji wa Kalemie, kando ya ziwa, soda ya dukani, ambayo watu wa huko wanaiita sukre, ilipotea kabisa. Mwenye hamu ya kitu kitamu alikwenda mtaa wa Kataki, nyumbani kwa Mwavita, mama yake Chadia.

Tangawizi yake ilikuwa na sifa. Aliitwanga mwenyewe, akaichemsha, akatia sukari ya Kigoma pale ilipopatikana, halafu akaongeza maji ya maganda ya nanasi yaliyovundikwa mpaka yakatoa povu. Maji hayo ndiyo yaliyoipa uhai. Akichuja, alijaza chupa za bia alizozisugua kwa mchanga, akaziziba kwa gunzi la mahindi lililochongwa na kulikaza kwa kamba. Ukiinywa, ilikukuna ulimi na kupanda puani. Lakini ilitaka uangalizi. Asubuhi, mchana na jioni, kila kizibo kililegezwa kidogo, pumzi itoke, psss, kisha kikazwe tena. Ukizembea, chupa inapasuka. Ukiiacha ikae sana, inageuka pombe, na hilo Mwavita, mtoto wa watu wa msikitini, hakutaka hata kulisikia.

Kazi ya kulegeza vizibo ilikuwa ya Ramazani, mume wake, na nje ya nyumba ile hakuna aliyelijua hilo.

Askari wa waasi walikuwa wakikamata wanaume na kuwabebesha masanduku ya risasi kwenda vitani upande wa Niemba na Nyunzu. Waliorudi walikuwa wachache, nao hawakupenda kusimulia. Ramazani alikuwa amepakua mizigo bandarini tangu ujana. Mabega yake yalijitangaza yenyewe. Basi akaingia stoo, nyuma ya makreti ya chupa, akaishi humo pekupeku ili hatua zake zisisikike. Mwavita akaeneza habari kwamba amevuka ziwa kwenda Kigoma.

"Kumbe Papa Ramazani alienda Kigoma, akakuachia chupa tu zikulalie mgongoni?" Adrienne, jirani yake, alimtania kisimani.

"Chupa hazikoromi, mama."

"Na hazigombani na muntu! Basi mimi pia nitafute yangu."

Mwavita alicheka na wenzake. Kisha akajitwika maji, akaondoka upesi.

Kilichowalisha ndicho kilichomtisha. Askari waliipenda tangawizi yake. Mwanzoni walimtuma mtu kuchukua chupa. Angeacha kuitengeneza, wangekuja kuuliza kwa nini. Akiendelea, wangekuja kwa sababu ni tamu. Kila asubuhi aliligeuza jambo hilo kichwani huku akitwanga, na kila asubuhi halikuwa na mlango.

Wakaja wenyewe, mchana wa jua kali. Sajini mmoja mnene, na askari mrefu aliyeitwa Omer, na wengine wawili. Waliketi uani, bunduki zimeegemea ukuta wa stoo.

"Mama, leta sukre. Onja kwanza wewe," sajini aliagiza.

Mwavita alimimina, akaonja mbele yao kama desturi inavyotaka, ili wajue haina sumu. Walikunywa, wakajifuta midomo, wakaomba nyingine. Kisha Omer akavua viatu vyake, akanyoosha miguu kivulini. Hapo Mwavita akajua hawaondoki upesi.

Saa ya kulegeza vizibo ilifika, ikapita. Bati la stoo lilikuwa linalia kwa joto. Alimwona Ramazani kwa jicho la moyo, amekaa kati ya chupa zilizovimba, mkono umefika kwenye kamba, ukarudi. Akilegeza, itasikika. Asipolegeza, itasikika zaidi.

Psss.

Omer aliinua kichwa. "Nani iko mule?"

"Njo chupa, papa, ni chupa tu. Inapumua."

"Chupa inapumua?"

"Hii tangawizi iko na roho. Ikijaa sana, inapenyeza yenyewe kwenye kizibo."

"Kama sajini wetu akila maharagi," Omer alisema, wakaangua kicheko, na sajini akamrushia kizibo cha gunzi. Mwavita alishika mchi akaanza kutwanga kwenye kinu ambacho ndani yake hamkuwa na kitu chochote. Alitwanga kwa nguvu ili psss ya pili isisikike. Haikuja. Labda Ramazani aliogopa ile ya kwanza, akaiacha mikono yake mapajani.

Chupa ikapasuka. Mlio ulikuwa wa bunduki kabisa. Askari walijitupa chini, Omer na miguu yake mitupu, sajini juu ya chupa yake mwenyewe. Na kabla vipande vya chupa havijamaliza kuanguka, sauti nzito ya mwanaume ikatoka stoo, ile sauti ambayo mtu aliyelelewa Kiislamu hawezi kuizuia akishtuka:

"Bismillahi!"

Sajini aliinuka polepole, tangawizi ikimtiririka kifuani.

"Mama," alisema, "leo chupa inasali."

Ramazani alitoka mwenyewe kabla mlango haujapigwa teke. Shavu lilikuwa linavuja damu. Hakumtazama mkewe.

"Wewe njo papa wa Kigoma?" Omer aliuliza. Alimzunguka, akampima mabega kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. "Ziwa limekunenepesha vizuri."

Mwavita alipiga magoti. "Muchukue chupa zote, papa zangu. Makreti yote. Nitawatengenezea kila siku, bure."

"Chupa tutachukua," sajini alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja. "Na mwenye kubeba tumemupata."

Wakamtwika kreti la juu kabisa, wakaondoka naye.

Mwavita alipoingia stoo aliona makubazi ya mumewe yamepangwa vizuri ukutani. Aliyachukua akakimbia mpaka penye njia ya reli, ambako wanaume waliokamatwa walikuwa wamepangwa mstari, wengi, kila mmoja sasa ametwikwa sanduku la risasi. Kokoto za reli zilikuwa za moto. Askari kijana akamzuia kwa bunduki aliyoilaza mbele yake.

"Ni ya mume wangu. Miguu yake iko mitupu."

"Leta, nitamupa."

Kijana aliyapokea, akayatazama chini na juu, akayabana kwapani.

Mstari ukaanza kusogea kuelekea Niemba. Kwa nyuma wote walifanana: shingo ngumu, mikono miwili juu, masanduku yamefunika vichwa.

"Baba Chadia!" aliita. "Baba Chadia!"

Lakini mtu aliyetwikwa hawezi kugeuza shingo. Mwavita aliendelea kuita, akiangalia miguu, akitafuta iliyo mitupu, na karibu yote ilikuwa mitupu.