Risasi Moja au Vipande vya Chungu

Baba alituachia gobori lenye mtutu mfupi. Mdomo wake ulipasuka zamani, mhunzi akaukata, mtutu ukabaki na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mama naye alipofariki, niliacha shule ya misheni ya Kasongo, nikarudi kijijini Wamaza kulea wadogo zangu watatu. Asubuhi kulima pamba ya lazima ya Serikali, jioni kutwanga mihogo. Uchovu wa miaka ile ungali mgongoni mwangu.

Kisha chui akaanza kula mbuzi wa kijiji. Mbuzi walipokwisha, tulikuta alama za kucha mlangoni petu, na mlango wenyewe ulikuwa mkeka wa matete.

Baba mdogo, ambaye alikuwa mwindaji, aliniletea risasi moja ya duara.

"Tia hii, mwanangu. Tundu moja, basi. Ngozi ya chui ni ya sultani. Ukiitoboatoboa, tutaitwa sisi wote kujibu."

"Na nikikosa, baba mudogo?"

"Mutoto wa kaka yangu akose? Kweli masomo yalikuharibu!"

Niliijaribu kwenye mgomba. Mtutu ulikuwa mfupi mno: baruti nyingi iliwakia nje bure, na risasi ikaenda upande. Mgomba haukutikisika. Basi nikavunja chungu cha chuma cha mama, kilichokuwa kimeshapasuka, nikashindilia vipande vidogo. Kutoka mbali vilitawanyika ovyo. Kutoka karibu, kama toka jikoni hadi mlangoni, viliuchana mgomba wote. Hilo lilinitosha. Sikutaka kumwinda chui, nilitaka asiingie.

Alikuja alfajiri, nikipuliza moto. Mkeka ulisukumwa, kichwa kikatokea. Nilipiga. Bega liliniuma mpaka mavuno.

Tulimbeba hadi kwa sultani. Alipochunwa, mjumbe wa sultani akaitandaza ngozi juani.

"Mumeleta ngozi ao chujio ya pombe?"

Watu walicheka. Baba mdogo alitazama chini.

"Wadogo zangu wako wazima," nilisema.

"Hakuna mwenye kukuuliza habari ya wadogo zako."

Watu wa sultani wakalichukua gobori kuwa faini.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Wadogo zangu walikuwa wakigombania muhogo wa kuchoma, kelele tupu. Niliwaacha wagombane. Nikasuka upya mkeka wa mlango, nikachukua jembe, nikaenda kwenye pamba.