Gunia la Mayu Lafika Dutwa

Jumatano, tarehe tisa Julai. Upepo mkavu tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye chai. Leo nimetoka Ngulyati kwenda Dutwa kuuza pamba, na naiandika safari hii kwa ndugu zangu walio mbali, maana kila barua yao inauliza kama soko huria limetufaa au limetuharibu. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema nilichokiona tu.

Pamba aliichambua mayu, mama yetu, kichanjani: safi gunia lake, fifi, ile chafu yenye madoa, gunia lake. Macho yake siku hizi yana ukungu, anachambua kwa vidole. Gunia la safi hulishona mdomo kwa uzi mwekundu, na enzi za chama cha ushirika karani akiuona uzi ule hakulifungua.

"Lifike kama lilivyo," aliniambia, akinifungia michembe, vipande vya viazi vitamu vikavu, nile njiani.

Saa mbili tulifika mtoni, mkavu, tukapumzisha ng'ombe. Mkokoteni na ng'ombe ni vya jirani yangu Masanja. Aliyatazama magunia yangu mawili akacheka.

"Bado unatenga kama enzi za chama? Wanunuzi wa sasa wanamwaga yote pamoja, bei moja. Safi ya mama yako unawapa bure."

"Sasa nifanyeje?"

"Changanya. Juu weka nyeupe, na akitokea anayelipia safi zaidi, yote ipite kama safi. Nani atatazama?"

Nilikata uzi, nikachanganya magunia yote mawili, nikashona tena kwa uzi ule ule. Nisimsingizie Masanja. Yeye alishika gunia tu, mikono iliyochanganya ilikuwa yangu.

Dutwa, saa tano. Zamani palikuwa na ghala la chama na foleni moja. Sasa wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mzani wake, na pembeni baiskeli mpya, redio, nguo za mitumba zimemwagwa chini kama pumba. Ghala la kwanza ni kweli walimwaga yote pamoja bila kutazama. Lakini la pili walikuwa wakinunua safi peke yake, kwa bei nzuri zaidi. Masanja akasogeza mkokoteni. Nikaingia foleni.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja kutoka Mwanza. Pembeni yake, kwenye mzani, nikamkuta karani wetu wa zamani wa chama, mzee sasa.

"Mwadila, baba," nikamsalimu.

"Mwadila." Akaona uzi mwekundu, uso ukafunguka. "Dada, hili ni la yule mama wa Ngulyati. Pima tu, halifunguliwi."

Likipita, uzi wa mayu ndio umedanganya, si mimi. Na likija kugundulika huko mbele, jina lake limekwisha.

"Lifungueni," nikasema. "Nimelichanganya njiani. Mama hajui."

Sijui kama ule ulikuwa uungwana au woga, kwa sababu yule dada alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa gauni. Aliuzamisha mkono wake guniani hadi kwapani, akatoa konzi ya fifi na vipande vya majani.

"Hii inakwenda viwanda vya nje," akasema bila ukali. "Huko hawakujui wewe. Wakikuta hivi watasema pamba ya Bariadi ni chafu, wote mmeingia lawamani."

Karani alinitazama. "Mama yako nimemfahamu miaka yote. Wewe ndiyo kwanza nakufahamu leo."

"Turubai lile pale," dada akasema. "Chambua, kisha urudi."

Mpaka alasiri tulikuwa tumepiga magoti kwenye jua kali. Masanja alinisaidia, akinung'unika, "Ng'ombe wangu wana akili, wamelala." Vidole vyangu viliuma kwa saa chache tu za kazi ambayo mayu huifanya msimu mzima. Safi ikapokelewa, fifi nikaipeleka ghala la kwanza. Malipo siku hiyo hiyo, na hilo lazima niliseme: enzi za chama tulingoja hadi tukasahau. Lakini chama kilimjua mayu kwa uzi wake. Sijui kipi ni kikubwa.

Kabla ya kuondoka nilipita kwenye mitumba. Palikuwa na boksi la miwani zilizovaliwa na watu wa Ulaya nisiowajua. Nikajaribu moja moja, nikamnunulia mayu iliyonionyesha kila uzi wa shati langu.

Jua likiwa linazama tulifika Ngulyati. Mayu alivaa miwani, akatazama viganja vyake mbele na nyuma, muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Akanyoosha mkono, akatoa kitu kwenye shati langu.

"Hii ni fifi."

"Ndiyo, mayu."

"Gunia langu halina fifi."

Nikamweleza yote, tangu mtoni. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja, kama yule dada aliipokea ile safi baada ya kuchambuliwa.

"Aliipokea yote."

"Basi unaweza. Kesho utakaa kichanjani na mimi. Sasa naona, nitakusahihisha."

Kati ya wanunuzi wapya wapo wanaotazama na wapo wasiotazama, hilo ndilo ninaloweza kuwaambia ndugu zangu. Mimi nitachambua.

Jioni tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Mayu alikula na miwani yake usoni, akitoa mchanga kwenye mboga.